Kikundi cha familia: Wiki ya sita baada ya operesheni

Shangazi Tanga: Asalaam alaykum wanangu. Mgonjwa wetu kaamkaje? Leo wiki ya sita.

Dada Mkubwa: Waalaykum salaam, shikamoo shangazi. Mama kaamka analia. Anasema mgongo bado unakaza na hela ya shamba imekwenda bure.

Mjomba: Nilisema tangu mwanzo, mgongo haupasuliwi. Hapa mtaani kuna mzee alipasuliwa, mpaka leo anatembelea fimbo.

Kaka Muuguzi: Shikamoo mjomba. Naomba nimuulize mgonjwa kwanza. Mama, ule moto uliokuwa unashuka toka kiunoni mpaka kidole gumba cha mguu, bado upo?

Mama: Ule hapana. Uliondoka siku ileile nilipozinduka. Usiku nalala.

Kaka Muuguzi: Alhamdulillahi! Hicho ndicho ulichopasuliwa, Mama. Diski, ule mto laini wa kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, ilitokeza ikabana mshipa wa fahamu uendao mguuni, daktari akaondoa kipande kilichobana. Mguu ndio unaopata nafuu kubwa. Mgongo wenyewe hupungua kiasi, na wapo wanaobaki nao.

Mama: Na ganzi ya unyayo? Jana ndala imenivuka, sikujua mpaka nimefika mlangoni.

Kaka Muuguzi: Ganzi huchelewa. Mshipa wa fahamu ulioumia ukibidi uchipue upya, huenda kama milimita 1 kwa siku. Toka kiunoni mpaka unyayoni ni miezi mingi. Na pengine isiishe yote, sitaki nikudanganye.

Dada Mkubwa: Mbona hatukuambiwa haya? Fomu nilisaini mimi. Niliambiwa "mama yenu atapona", basi. Kupona kwangu mimi ni Mama akae kwenye mbuzi akune nazi kama zamani.

Mama: Mimi nazi sikuziwaza. Nilitaka nisujudu. Nimechoka kuswali kwenye kiti.

Shangazi Tanga: Wifi yangu 😢 hukuwahi kutuambia.

Mama: Hakuna aliyeniuliza.

Kaka Muuguzi: Ni kweli, na inaniuma. Hata sisi wodini tunauliza maumivu kwa namba, 0 mpaka 10, tunaandika, tunapita. Mtu anataka arudi kufanya nini, hatuulizi. Alhamisi kliniki nakuja mwenyewe, tumuulize daktari na mtu wa mazoezi ya viungo. Mpaka hapo hakuna ndoo, hakuna kuinama kufagia. Na Dada, mkojo ukianza kumtoka au ukagoma kutoka, au ganzi ikashika sehemu za siri, usingoje Alhamisi. Hospitali usiku huohuo.

Dada Mkubwa: Nimeelewa. Bajaji ya jirani ipo.

Mjomba: Yule mzee sijawahi kumuuliza alikuwaje kabla ya kupasuliwa. Leo nampitia. Dada, nisamehe kwa maneno yangu.

Mama: Yamekwisha. Mwanangu, hilo la kusujudu liandike juu kabisa ya karatasi. Ndala iwe ya pili.