Land Cruiser 80 inatetemeka usukani nikikanyaga breki, nianzie wapi?

Mteremko_wa_Kitonga:
Wakuu habari za jioni. Nina Land Cruiser 80 ya injini ya 1HZ, mbele diski na nyuma diski. Nikiwa spidi 80 au 90 hivi nikikanyaga breki usukani unacheza kushoto kulia mpaka mikono inauma, ikishuka chini ya 40 unatulia. Bila breki gari imenyooka kabisa, hata 110 haina neno. Asubuhi ikiwa ya baridi ni kidogo tu, ila nikishateremka mlima Kitonga hapo ndo balaa. Pedi nimeweka mpya juzi juzi, ikatulia kidogo halafu ikarudi vile vile. Fundi mmoja anasema diski zimepinda ninunue zote nne, mwingine anasema balansi ya matairi. Sasa hela ya diski nne si mchezo, nianze na lipi?

Spana17:
Balansi toa kichwani mkuu, ingekuwa balansi ingetetemeka hata bila kugusa breki. Usukani ukicheza ni mbele, ukisikia kwenye kiti na pedali ndo nyuma. Kuhakikisha tafuta barabara tupu, ukiwa 40 vuta handibreki taratibu, ikitetemeka ujue nyuma nako kuna tatizo.

MzeeWaGereji:
@Spana17 hiyo ya handibreki inafaa kwa gari ya dramu nyuma. Huyu ana diski, na handibreki ya 80 ya diski ina breki shuu zake ndani kabisa ya diski, haigusi pale pedi zinapobana, kwahiyo atavuta mpaka kesho na hatajua kitu. Na wenye Defender mnaosoma hapa msijaribu kabisa, ile handibreki yake inakamata propela shafti, ukivuta gari ikitembea utaita breakdown.

Haya mleta mada, usinunue diski bado. Mara nyingi diski haijapinda kivile, ni unene wake hauko sawa au pedi zimeacha utando wa moto sehemu moja, mfano umetoka mteremkoni diski ni nyekundu halafu ukasimama umekanyaga breki palepale, au ukapeleka carwash wakamwagia maji ya baridi. Anza hivi: piga jeki mbele, shika tairi juu na chini litikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki halafu tikisa tena. Mchezo ukipotea ni beringi za hab (kitovu cha gurudumu) zimelegea, mchezo ukibaki ni beringi za kingpini, pale gurudumu linapokatia kona. Hiyo haikugharimu hata mia na ndo inasahaulika kuliko zote, maana beringi ikilegea diski inayumba hata kama ni mpya toka kwenye boksi.

Kingine, kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) za mbele za 80 zina pistoni nne, mbili kila upande, na zinaganda. Toa pedi uziangalie, upande mmoja ukiwa umelika kuliko mwingine umeshapata mgonjwa.

DadaOffroad:
Naongezea, ukishaachia breki na usukani unaendelea kucheza wenyewe, hapo shida siyo breki, kagua bushi za panhard (ile fimbo inayozuia ekseli isiende pembeni) na hizo kingpini. Stelingi dampa (shokapu ya usukani) mpya itakuficha tu tatizo. Na nati za rimu mkatazeni kijana wa pancha kumaliza kukaza kwa ile bunduki ya upepo, akaze kwa mkono, kwa mtindo wa msalaba, nati moja halafu ya mkabala wake.

Mteremko_wa_Kitonga:
Nimerudi wakuu. Tairi la kulia lilikuwa linacheza, akikanyaga breki linatulia, kwahiyo beringi za hab kweli. Tulipofungua nati za hab zina alama za tindo pande zote, kuna mtu aliwahi kuzikaza kwa nyundo 🤦🏾. Tumeazima soketi ya 54 tukakaza vizuri. Kushoto pistoni mbili zimeganda, nimeagiza seti ya sili za kalipa. Mtetemo umepungua sana lakini kwenye 90 bado unasikika kwa mbali. Nichonge diski kwenye mashine zinyooke?

MzeeWaGereji:
Pima kwanza. Azima dayo geji, ile yenye mshale kama saa, ifunge kwenye nako (kile chuma kinachobeba hab) uzungushe diski taratibu. Mimi diski ikiyumba kuzidi 0.15 mm nafungua. Kwenye 80 diski imefungwa kwa bolti nyuma ya hab, kwahiyo ukiitoa sugua kutu yote pale zinapokutana, punje ya kutu pale inakuwa mtetemo mkubwa huku nje. Rudisha upime tena. Ikikataa ndo uchonge, na kabla hujachonga pima unene kwa maikromita, kiwango cha chini kimeandikwa kwenye diski yenyewe, ukishakikaribia usichonge, nunua jozi ya mbele tu, za nyuma ziache.

Spana17:
Na mchongaji mpelekee diski ikiwa imefungwa na hab yake, asichonge peke yake.

MzeeWaGereji:
Kweli kabisa. Halafu hab ikiwa nje angalia na sili, grisi ikivujia pedi hizo mpya unazitupa. Ukimaliza, tafuta barabara tupu, piga breki za wastani toka 60 mpaka 10 mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha tembea kidogo bila breki zipoe. Hiyo seti ya sili za kalipa umeipata ya bei gani na wapi? Hapa kwetu feki zimejaa.