Kama tumeokolewa kwa neema, maonyo ni ya nini?

Msomaji wa Neno: Bwana asifiwe, wapendwa. Waefeso 2:8-9 iko wazi: wokovu ni kipawa, si kwa matendo. Lakini ukimwonya mtu anakwambia, "Usinihukumu, niko chini ya neema." Mwingine naye akiteleza kidogo tu anaanikwa mbele ya watu wote. Maonyo yanaingiaje hapa, na yafanyweje?

Mwalimu wa Biblia: Amina. Usiishie mstari wa 9. Wa 10 unasema tumeumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Matendo hayaununui wokovu, yanaufuata. Na huyo anayesema "niko chini ya neema" asome Warumi 6:15, Paulo alishamjibu: tufanye dhambi kwa sababu hiyo? Hasha! Tito 2:11-12 inaongeza kwamba neema yenyewe ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya.

Shemasi: Kuhusu utaratibu, fuata Mathayo 18:15-17. Kwanza wewe na yeye, peke yenu. Wengi huharibu hapa hapa: wanaanza na "tumwombee fulani", na kabla hawajamwona mhusika jina lake limeshazunguka kanisa zima. Taja tendo moja ulilo na hakika nalo. "Wewe ni mwongo" humfunga mtu masikio. "Ulisema mchango umefika kwa mjane, naye hajaupata" humpa kitu cha kujibu. Kisha nyamaza umsikilize, huenda una nusu ya habari. Akitubu, yameisha, usimpelekee mtu mwingine taarifa. Akikataa, nenda na mmoja au wawili, na wasiwe wapambe wako: wamekuja kupima maneno ya pande zote mbili. Kanisa ni baada ya hapo. Ila mtoto au mtu yeyote akiwa hatarini, usikae na siri ukingoja hatua. Mlinde kwanza na utoe taarifa kwa wahusika.

Mwanafunzi wa Paulo: Naongeza kidogo. Paulo alimkemea Kefa, yaani Petro, mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14), kwa sababu Petro alijitenga hadharani na waumini wa Mataifa, wasio Wayahudi, akawavuta wengine, hata Barnaba. Lakini Apolo, aliyefundisha hadharani kwa kutojua yote, Prisila na Akila walimchukua kwao wakamweleza zaidi (Matendo 18:26). Pima kwanza: ni unafiki au ni kutojua?

Msomaji wa Neno: Asanteni sana. Na anayeonywa je?

Mwalimu wa Biblia: Asikimbilie kujitetea. Aulize, "Ni wapi hasa nimekosa?" Hata aliyemwonya akiwa mkali, kosa likiwepo lipo. Aombe msamaha bila "lakini", na alichochukua akirudishe, kama Zakayo yule mtoza ushuru (Luka 19:8). Kinachonisikitisha ni mtu aliyekwisha kutubu kuendelea kujiadhibu, anafunga siku kadhaa ili "alipie". Huko ni kurudi kwenye matendo kwa mlango wa nyuma. Kanisa nalo lina sehemu yake: 2 Wakorintho 2:7 inaagiza asamehewe na kufarijiwa, asije akamezwa na huzuni. Kwa hiyo wale waliomwonya ndio wawe wa kwanza kumtembelea.