Handigadi na darubini kwa AR-15 ya inchi 16

Baba Zai, likizo Sinza

Shikamooni wakubwa. Bunduki yangu ya AR-15 imebaki Texas, imefungiwa kabatini. Mtutu ni inchi 16, mfumo wa gesi (ule unaorudisha boliti nyuma) ni wa urefu wa kati, na kilengeo cha mbele ni kile cha pembetatu kilichopigiliwa kwenye mtutu. Nataka handigadi (kava linalozunguka mtutu, pa kushika kwa mkono wa mbele) isiyogusa mtutu, na kifaa cha kulengea kuanzia mita 10 hadi 300. Niagize vije huku nirudi navyo? Kuna fundi Gerezani anasema anaweza kunichongea handigadi kwa bomba la alumini.

Mama Kibo, Houston

Marahaba mwanangu. Usiagize kitu chochote cha bunduki kuja Dar. Handigadi na darubini za bunduki zimo kwenye bidhaa ambazo Marekani inazidhibiti zinapotoka nchini, hata ukizibeba kwenye begi lako. Na pale uwanja wa Julius Nyerere utaulizwa kibali. Agiza zifike Texas.

Fundi wa Gerezani mwache na kazi zake nyingine. Handigadi inabana kwenye nati ya mtutu kwa vipimo vya sehemu za milimita, na lazima ikae mstari mmoja na reli ya juu ya risiva, yaani mwili wa bunduki unaoshika mtutu. Bomba lililokatwa kwa makisio litazunguka, na kilengeo chochote kilicho juu yake kitazunguka nalo.

Kwa wengine mnaosoma: aliyeko Marekani kwa viza ya muda (ya masomo, ya kazi au ya matembezi) kwa kawaida haruhusiwi kumiliki wala kushika bunduki, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya kuwinda. Mwenye green card hakatazwi kwa sababu hiyo. Na sheria za majimbo zinapishana sana. Illinois, kwa mfano, inahesabu hata kava la mtutu kati ya vitu vinavyoiingiza bunduki kwenye marufuku. Soma sheria za jimbo lako kabla ya kulipa.

Mzee wa Temeke, Columbus

Mdogo wangu, tatizo lako la kwanza ni hiyo pembetatu. Handigadi ndefu haipiti juu yake. Ama ununue fupi ya gesi ya kati inayoishia nyuma yake, ama uitoe na uweke bloku fupi ya gesi, kile kipande kinachopeleka gesi ya mtutu kwenye mrija. Mimi nakushauri uitoe, kwa sababu handigadi ya inchi 13 hadi 15 inakupa nafasi ya kunyoosha mkono, nao mkono hauungui mtutu ukipata moto.

Pini zinazoishika ni nyembamba upande mmoja. Angalia kwanza upande upi, kisha gonga kutokea huko kwenye wembamba. Pima kipenyo cha mtutu pale bloku inapokaa; mara nyingi ni inchi 0.750, lakini usikisie. Kuna jambo linalowaponza wengi hapa. Pembetatu ilikuwa imebana kikombe cha bati cha kushikia handigadi ya zamani. Ukikitoa kikombe, bloku mpya ukiisukuma hadi mwisho inapita tundu la gesi kwa zaidi ya nusu milimita. Bunduki itafyatua, lakini huenda boliti isirudi nyuma vya kutosha kuchukua risasi inayofuata, na watu watakuambia ubadilishe springi bure. Acha mwanya huo.

Nati ya mtutu: paka nyuzi grisi ya molibdenamu, usitumie yenye grafiti kwa sababu inakuza kutu ya alumini ikigusana na chuma. Kaza, legeza, kaza, legeza, halafu ukaze mara ya mwisho kati ya futi-pauni 30 na 80, au kwa kipimo cha mtengenezaji wa handigadi kama ametaja chake. Kifaa kinachobanwa kwenye jiliwa kishike meno ya mtutu kwa ndani. Ukibana risiva yenyewe, nguvu inaweza kuangukia kipini kidogo cha kuelekezea mtutu, na mkato wake kwenye risiva ukatanuka. Ukimaliza, mrija wa gesi upite katikati bila kugusa nati.

Matundu ya pembeni ya handigadi, ya kufungia vifaa kama tochi, chagua mtindo wa M-LOK, siyo KeyMod. Kituo cha Crane cha jeshi la majini la Marekani kiliyapima yote mawili, M-LOK ikafanya vizuri zaidi, na leo vifaa vyake ndivyo vimejaa madukani. Reli za pande nne achana nazo. Ni uzito wa bure mbele ya bunduki.

Baba Zai

Nashukuru sana mzee. Upande wa kulengea, doti nyekundu (kilengeo cha nukta ya mwanga) ninaiona kama nyota yenye mikia. Ni betri?

Mama Kibo

Punguza mwanga wake kwanza. Ikiendelea, ipige picha kwa simu kupitia kioo chake. Picha ikitoka nukta safi, tatizo ni jicho lako, astigmatizimu (umbo la jicho linalotawanya mwanga), na doti ya bei kubwa zaidi haitakusaidia. Chukua ya prizimu, ambayo alama yake imechongwa kwenye kioo na unaiona hata betri ikifa, au darubini ya kukuza mara 1 hadi 6. Kwa mita 300 mimi ningechukua darubini. Doti ya MOA 2 (MOA ni kipimo cha pembe) inafunika karibu sentimita 17 kwa umbali huo.

Ifunge kwenye risiva, isivuke kwenda kwenye handigadi, maana handigadi hupinda kidogo ukiiegemeza na shabaha inahama. Sukuma kishikizo mbele ndani ya mfereji wa reli kabla ya kukaza. Skrubu za pete ni inchi-pauni 15 hadi 18, bila Loctite (gundi ya skrubu), kwa sababu ikiwa mbichi inalainisha nyuzi na unakaza kupita kiasi bila kujua. Weka alama ya rangi kwenye kila skrubu uone ikilegea.

Rekebisha shabaha kwa yadi 50. Risasi ya kawaida ya 5.56 itakuwa juu kidogo kwa yadi 100 na itarudi kwenye mstari karibu na yadi 200. Kwa mita 10 itapiga sentimita tano hivi chini ya unapolenga, kwa kuwa darubini inakaa juu ya mtutu. Kwa 300 itashuka. Pima mwenyewe uwanjani na risasi utakazotumia, uandike namba zake ndani ya kifuniko cha darubini.