MREJESHO: Kuchora historia ya Git kwa maandishi, nimefanikiwa

Wakuu, nimerudi. Kwa aliyepitwa: niliuliza namna ya kuchora historia ya komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye Git, programu ya kutunza historia ya faili za mradi) kama mchoro wa maandishi kwenye faili, maana `git log` ya kawaida ilinipa orodha ndefu isiyoonyesha tawi lipi (mkondo wa kazi uliojitenga) lilichipuka wapi.

Mlionishauri `git log --graph --oneline --all`, asanteni sana. Nyota ni komiti, mistari ya wima na ya mshazari ni matawi yanavyoachana na kuungana. Bila `--all` nilikuwa naona tu historia ya tawi nililosimama. Kumbe matawi mengine yalikuwepo muda wote, nami nikidhani yamefutika!

Ila nilikwama mara mbili. Kwanza, nikielekeza matokeo kwenye faili, majina ya matawi yanatoweka. Git huyaonyesha yenyewe kwenye teminali (dirisha la kuandikia amri) tu. Kwingine lazima uongeze `--decorate`. Pili, na hili lilinitoa jasho, zilitokea komiti mbili za ajabu ambazo sikuziandika, moja ikianza na "WIP on". Kumbe ni kazi niliyoiweka kando kwa `git stash` nikaisahau, na `--all` huileta nayo. Dawa ni `--exclude=refs/stash`, lakini itangulie `--all`. Ukiiweka nyuma haifanyi kitu, nami niliiweka nyuma, naam, mara tatu.

Sasa natumia hii:

`git log --graph --oneline --decorate --exclude=refs/stash --all > historia.txt`