Tupeane uzoefu: mizizi ya maneno na visawe vya Kiingereza, vilikubeba au vilikutupa?

Mtoa mada:
Wakuu, salaam. Mdogo wangu anajiandaa na GRE, ule mtihani wa Kimarekani wa kuombea masomo ya uzamili, sebule nzima imejaa vikadi vya boksi: huku neno, nyuma mzizi na visawe. Nimekumbuka mateso, maana sisi wa kabla ya Agosti 2011 tulipewa neno kavu, tafuta kinyume chake, hakuna hata sentensi ya kukuonea huruma. Siku hizi wanapewa sentensi yenye pengo na maneno sita, wachague mawili yanayoleta maana ileile. Mizizi ilinibeba: "bene" wema, "mal" ubaya, "dict" kusema. Hapo "benediction" na "malediction" unazipata bila kamusi. Lakini kuna maneno yalinigeuka. Nani mwenzangu?

Nesi wa Zamu:
Sisi wa afya tunaishi humo. "Hepat" ini, "nephr" figo, "ectomy" kukata na kuondoa. Raha tupu, mpaka usiku daktari anapiga simu inakatakata, hujui kasema "hypo" au "hyper". Wa kwanza anataka glukosi, wa pili insulini, ukigeuza umeua mtu. Wodini kwetu tuliacha madoido: sukari imeshuka, sukari imepanda, basi.

Wa Famasi:
Naunga mkono hoja.

Kompo Arobaini:
Huku Kenya enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kompo (insha) ilikuwa alama 40 na tuliamini kila neno gumu lina alama yake. Kwa kompo zetu hakuna mtu alikuwa "thin", wote walikuwa "emaciated", yaani wamekonda hadi mifupa, hata bibi harusi.

Kichwa Ngumu:
Mnajisumbua bure. "In" mbele ya neno ni kukanusha, shika viambishi kumi umemaliza lugha.

Mtoa mada:
Kwa hiyo "inflammable" nyuma ya lori la mafuta maana yake halishiki moto?

Kichwa Ngumu:
Si ndiyo.

Nesi wa Zamu:
Jamani mwambieni asiwashe sigara hapo! Hiyo imetoka kwenye "inflame", kuwasha. Ukiletwa wodini umeungua usiniite dada.

Bahasha ya Kaki:
Ngoja niwape changu. Nilikuwa naomba ufadhili, nikamwendea mwalimu wangu wa sekondari aniandikie barua. Mzee huyu aliwahi kunilipia ada ya mtihani kutoka mfukoni mwake, na mizizi ya Kilatini alitufundisha yeye, bila silabasi. Akanipa bahasha ya kaki, gundi na muhuri juu, na nakala yangu pembeni. Ndani ya daladala nikaisoma. Mstari wa tatu: "an egregious student". Nikafungua kamusi kwenye simu, nikahisi jasho. Mbaya kupindukia! Mzee alipiga hesabu za mizizi: "e" nje, "greg" kundi, basi aliyejitenga na kundi kwa ubora.

Mwisho wa kutuma ni kesho yake. Utamwambiaje mzee kama yule? Nikaimwagia bahasha maji, nikarudi. "Shikamoo mwalimu, barua imelowa." Akanipa pole, akafungua kompyuta, akaprinti ileile. Neno liko palepale. Nikajikaza: "Mwalimu, hapa tusingeweka 'outstanding'?" Akanitazama juu ya miwani. "Hilo kila mtu analo, mwanangu." Akapiga muhuri.

Nikatuma hivyohivyo.

Kompo Arobaini:
Wueh! Ukapata?

Bahasha ya Kaki:
Nilipata. Hadi leo sijui kama kuna aliyeisoma.

Karani Mstaafu:
Mwalimu hakukosea mzizi, alikosea karne. Karne ya 16 Waingereza walilitumia kwa sifa kabisa, baadaye likageuka tusi.

Kichwa Ngumu:
Ulikuwa mwoga tu. Ungemwonyesha kamusi.

Wa Famasi:
Amwonyeshe kamusi mtu aliyemlipia ada? Wewe ulilelewa wapi?

Kichwa Ngumu:
Adabu gani hiyo ya kumwacha mzee aendelee kuharibia watoto wa watu barua?

Kompo Arobaini:
Wabongo mnaandika mambo ya Kiingereza kwa Kiswahili, halafu mnagombana.

Wa Famasi:
Na wewe umesoma yote.

Binti wa Gongo la Mboto:
Turudi kwenye mada. Someni magazeti, mizizi ni kupoteza muda.

Karani Mstaafu:
Binti, magazeti mimi yalinilaza usingizi, mizizi ndiyo iliniamsha. Ila mchunge "ped": kwenye "pedestrian" ni mguu wa Kilatini, kwenye "pediatrician" ni mtoto wa Kigiriki.

Mtoa mada:
Dogo namshauri kila kisawe akikariri na neno linaloandamana nalo. Mvua ni "heavy", upepo ni "strong". Akivibadilisha watamwelewa, ila watacheka kwanza.

Nesi wa Zamu:
Aangalie tamthilia tu, apumzike.

Mgeni Njoo:
Samahani wakuu, nimechelewa. Bahasha ya Kaki, huyo mwalimu miwani yake imefungwa kamba ya kiatu? Mimi kaniandikia barua juzi, sina nakala, na nimeshaituma.

Bahasha ya Kaki:
Njoo PM. Haraka.