Maombi ya uzamivu (PhD) chuo chenye ushindani mkali: nianze na nini?

Wakuu, dirisha linafungwa Desemba. Uzamili ninao, maelezo ya malengo yamefika kurasa tatu. Nianze na nini, na wengi huangukia wapi?

Jibu 1
Anza na barua za mapendekezo, maana hizo haziko mikononi mwako. Vyuo vingi hutaka tatu, na mfumo wa maombi humtumia mwalimu mwenyewe kiungo cha kuwasilisha barua. Mpe wiki sita, umwambatanishie wasifu, transkripti (orodha ya alama zako za chuo) na rasimu ya malengo. Chagua aliyesimamia tasnifu yako kuliko mwenye cheo kikubwa asiyekujua. Barua ya "ana bidii na nidhamu" haikubebi popote.

Jibu 2
Kurasa tatu ni nyingi mno! Soma kikomo cha idara. Mara nyingi ni ukurasa mmoja au mbili. Futa habari za utotoni. Badala ya "napenda sana afya ya jamii", andika: "Nataka kuchunguza kwa nini wagonjwa wa kifua kikuu huacha dawa wakianza kupata nafuu." Kisha taja data utakayotumia na msimamizi anayefanya kazi hiyo. Hakikisha hajastaafu wala hayuko likizo ya utafiti.

Jibu 3
Naongezea: matokeo ya IELTS na TOEFL (mitihani ya Kiingereza) hudumu miaka miwili tu, kagua tarehe. Na angalia ufadhili mapema, kwani tarehe yake huweza kutangulia ile ya maombi yenyewe.