Mwandishi mpya wa hadithi za kutisha: mbona hofu iliisha kabla ya kitabu?

Zamu ya Usiku

Wakuu, nimemaliza kitabu cha kwanza cha mwandishi chipukizi, hadithi fupi 11, zote za kutisha. Jina lake nalibana kwanza. Nikilitaja mtakimbilia kuangalia nyota alizopewa na wasomaji wengine, nami nataka tujadili kazi.

Hadithi ya kwanza ilinishika koo. Mama mjane anahamia nyumba iliyokatwa maji, na kila alfajiri anakuta ndoo yake imejaa mpaka ukingoni. Hafi mtu. Damu haimwagiki. Siku moja anaamua kutoyagusa yale maji, na kesho yake anakuta ndoo mbili. Hadithi inakatika hapo. Kazi yangu ni kukesha na giza nimelizoea, lakini niliinuka nikaenda kutikisa vitasa vya milango niliyokuwa nimeshaifunga mwenyewe.

Ya pili nayo imesimama. Mwalimu anaita majina asubuhi, anafika kwenye jina lililofutwa kwa wino, analiita kwa mazoea tu, na sauti inaitika "nipo". Kinachotisha ni kwamba wanafunzi hawashtuki.

Halafu kuanzia ya tatu mambo yakaanza kulegea. Dereva wa lori anampa mtu lifti, kumbe abiria alishakufa. Ya sita, kumbe msimulizi mwenyewe ndiye marehemu. Ya tisa, kijiji kizima kilishazikwa. Kufika hapo nilikuwa nasoma kama mkaguzi wa tiketi: nyie wote nionyesheni, nani kafa na nani yuko hai? Hofu hamna.

Lugha yake haina kasoro, hilo niseme wazi. Sentensi fupi, mazungumzo yanayosikika kama watu kweli. Swali langu: huyu mwandishi ameishiwa, au hofu yenyewe haiwezi kubeba kitabu kizima? Na nyie mnavisomaje vitabu vya namna hii?

---

Kurasa Zilizokunjwa

Mleta mada, kabla hatujamhukumu mtu, wewe ulikisoma vipi? Nahisi ulikimaliza chote katika zamu moja.

Nauliza kwa sababu. Edgar Allan Poe, mwandishi wa Kimarekani wa hadithi za kutisha, alipokuwa akihakiki kazi ya mwenzake mwaka 1842, alieleza kwamba hadithi fupi inapaswa kusomeka kwa kikao kimoja, kati ya nusu saa na saa mbili, ili kila neno lichangie athari moja tu aliyoikusudia mwandishi. Athari moja, kikao kimoja. Ukiunganisha hadithi 11 mfululizo unazilazimisha zikae pamoja katika kikao ambacho hazikuandikiwa.

Au mchukue M. R. James, Mwingereza aliyekuwa msomi wa Cambridge. Hadithi zake nyingi za mizimu aliziandika ili awasomee marafiki zake chuoni wakati wa Krismasi. Wanasikiliza moja, wanakwenda kulala nayo. Mkusanyiko wake wa kwanza ulipotoka mwaka 1904 ulikuwa na hadithi 8 tu, na bado mimi sizisomi mbili kwa siku. Msikilizaji wake hakupata nafasi ya kulinganisha mwisho wa leo na mwisho wa jana. Wewe umeipata, tena ndani ya saa chache.

Jambo jingine ambalo wasomaji husahau: mara nyingi kitabu cha kwanza cha hadithi fupi hakiandikwi kama kitabu. Ni hadithi zilizotoka majaridani kwa miaka, moja huku moja kule, halafu zinakusanywa. Stephen King, Mmarekani mwingine wa hadithi za kutisha, alipotoa mkusanyiko wake wa kwanza mwaka 1978, hadithi 20, nyingi zilikuwa zimeshachapishwa magazetini. Kila moja ilikuwa imeshapambana peke yake kumnasa msomaji aliyekuwa anapekua kurasa tu. Zikikaa pamoja, tabia za mwandishi zinaanza kuonekana, hata zile ambazo yeye mwenyewe hazijui.

Kwa hiyo ushauri wangu, kiache kwanza. Kisha isome ile ya tisa peke yake, bila kuipa jirani.

---

Kalamu Nyekundu

Hapana, hapana. Kurasa, usimsafishe mwandishi kwa kumlaumu msomaji. Mtu akitoa kitabu ajue kitasomwa kama kitabu.

Mimi nimehariri hadithi za watu kwa muda mrefu, na ugonjwa anaoueleza mleta mada naujua: mwandishi anagundua kwamba mgeuko wa mwisho unafanya kazi, basi anaugeuza kuwa kiwanda. Siri ya maiti ni rahisi kuandika. Unaficha taarifa moja tangu mwanzo, unaifichua kwenye aya ya mwisho, msomaji anasema "ala!", mnaagana. Ila huo ni mshangao, na mshangao unaisha pale pale unapotokea. Hofu inataka jambo libaki wazi baada ya kufunga kitabu. Angalia ile ya ndoo: hatujaambiwa nani anajaza maji, wala anataka nini, wala kesho zitakuwa ndoo ngapi. Ndiyo maana mtu mzima alienda kutikisa vitasa.

Huyo huyo James mliyemtaja aliandika mwaka 1924 kwamba ni vizuri wakati mwingine kumwachia msomaji upenyo wa maelezo ya kawaida, lakini upenyo uwe mwembamba kiasi kwamba haupitiki sawasawa. Naona hadithi mbili za kwanza zina upenyo wa namna hiyo. Labda mama anatembea usingizini. Labda mwanafunzi mtundu kaitika. Unajaribu kupita hapo, bega linakwama. Hadithi ya lori haina upenyo wowote: abiria kafa, tumeambiwa, tumeelewa, twende nyumbani.

Na hoja ya kwamba hofu haibebi kitabu kizima siikubali kabisa. Clive Barker, Mwingereza wa hadithi za kutisha, alianza na juzuu tatu za hadithi fupi kwa mpigo mwaka 1984, na mwaka uliofuata akaongeza nyingine tatu. Unaweza usipende damu yake (mimi huruka kurasa), lakini huwezi kusema hadithi moja inatabirika kwa sababu umesoma iliyotangulia. Moja itakuchekesha, inayofuata itakutia kichefuchefu.

Kama mhariri ningemwambia huyu chipukizi atoe mbili kati ya zile tatu za marehemu. Hadithi tisa zinatosha kabisa.

---

Sisomi Usiku

Mimi napenda hadithi za marehemu waliojificha, mnisamehe. Nikishajua mapema nani kafa, natulia, naangalia mwandishi ataniongopeaje njiani. Kuna raha yake. Si kila mtu anasoma ili akose usingizi.

Ila swali kwa mleta mada: hadithi zimepangwaje? Kwa maelezo yako, nzuri mbili zimekaa mwanzoni, kisha mteremko. Huo mpangilio una harufu ya mchapishaji anayejua mnunuzi hupima kitabu kwa kurasa za kwanza.

---

Kurasa Zilizokunjwa

Hapo kwenye mpangilio Sisomi Usiku amegusa penyewe. Shirley Jackson, mwandishi wa Kimarekani, alikuwa na hadithi moja iliyotikisa watu mwaka 1948: kijiji kinacheza bahati nasibu, na anayeangukiwa anapigwa mawe. Ilipotoka gazetini alipata barua zaidi ya 300 majira yale ya joto, wengine wakiuliza kwa dhati hiyo bahati nasibu ya kutisha inafanyika mji gani. Mwaka uliofuata akatoa mkusanyiko wake wa kwanza. Angeweza kuiweka mbele ili iuze. Aliiweka mwisho. Kabla ya kuifikia unapita kwenye hadithi nyingi tulivu za watu wanaofanyiana ukatili mdogomdogo wa majirani, na jina la mwanamume mmoja linajitokeza hapa na pale bila maelezo. Unapofika mwisho umeshafundishwa kuwaogopa majirani wenye adabu.

Kwa hiyo Kalamu, tunakaribiana. Mwandishi anaweza kukifanya kitabu kiwe kitu kimoja. Nachokataa ni kumdai hilo kila anayeanza.

---

Zamu ya Usiku

Nimerudi wakuu. Ile ya kijiji nimeisoma tena peke yake, mchana, kama nilivyoagizwa.

Kurasa ana haki nusu. Mara ya kwanza nilikuwa nawinda maiti, nikapita bila kuona kwamba watu wa kijiji wanaendelea kulipana madeni. Walishazikwa wote, lakini mmoja anamfuata mwenzake usiku kumrudishia jembe aliloazima, na mwenye jembe anakataa kulipokea, maana akilipokea hatabakiwa na sababu ya kusubiri. Hiyo ni sehemu nzuri sana, imekaa katikati ya hadithi, na mwandishi mwenyewe anaifunika kwa kukimbilia mgeuko wake wa mwisho. Angeishia kwenye jembe.

Ya lori nimeirudia pia. Hiyo ni mbovu asubuhi, mchana na jioni, hakuna ratiba itakayoiokoa.

Na kuhusu mpangilio: ya 11, ambayo sikuitaja, haina marehemu hata mmoja. Ni mtu anayesahihisha orodha ya wapangaji wa jengo anakoishi, na kila akihesabu inazidi mmoja. Niliifikia nimechoka, nikaipa kurasa mbili za uvivu. Sasa najiuliza kama ingekuwa ya tatu, kabla ya lori, ningekisoma kitabu kilichobaki kwa jicho jingine.

---

Kalamu Nyekundu

Ingekuwa ya tatu, na lori lingebaki gereji. Haya, litaje jina basi, nataka kuisoma hiyo ya wapangaji.

---

Zamu ya Usiku

Nakutumia faraghani. Anzia nyuma, Kalamu: ya 11, halafu ya ndoo, halafu pumzika siku kadhaa kabla ya ile ya kijiji.